Boti Iligoma Kupinda Kati ya Braunston na Napton: Ni Upepo, Kina cha Maji, au Mshika Kana?

#1 MwanaPangani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaoishi Uingereza, au waliowahi kusafiri kwenye mifereji ya huko kwa zile boti nyembamba za chuma. Oktoba iliyopita mimi, mke wangu na shemeji zangu wawili tulikodi boti ya urefu wa mita 17 hivi, tukaanzia Braunston, Northamptonshire, tukielekea Napton. Hali ya hewa ilikuwa ile ya kigeugeu wanayoilalamikia wenyewe kila siku: asubuhi jua, adhuhuri manyunyu, saa nane jua tena, na kuanzia saa tisa upepo unaovuma kwa vishindo na kunyamaza.

Kipande hicho hakina lango la maji hata moja (kile chumba chenye milango kinachojazwa au kutolewa maji ili kupandisha au kushusha boti), kwa hiyo nilitarajia safari ya kuteleza tu. Tulipofika kwenye malisho yaliyo wazi, mahali ambapo mfereji unapinda kushoto, boti ilikataa katakata. Nilisukuma kana (mkono wa usukani) hadi ikagota, nikaongeza mafuta, na bado omo, yaani mbele ya boti, ilikwenda zake kulia mpaka tukaingia kwenye matete ya ukingo wa pili, tezi (nyuma ya boti) ikiwa imeziba njia. Tulijinasua kwa pondo baada ya kutoa jasho. Kesho yake asubuhi tulipita palepale tukirudi, na boti ilitii bila ubishi.

Madai yangu ni kwamba ulikuwa upepo. Shemeji yangu mkubwa anadai kwamba nilikuwa mimi. Tafadhali tuamulieni, kwa sababu mwezi wa nne tunakwenda tena na suala la nani ashike kana halijamalizika.

#2 Serang'i Mstaafu

Ni upepo, na sioni haja ya kuzunguka mbuyu. Jahazi lina mkuku unaokata maji na kulizuia lisiserereke kiubavu. Boti hizo zina tumbo bapa, na chini ya maji hazizidi sana sentimita 60 au 70. Upana wake ni mita 2 na ushei, kwa kuwa malango ya karne ya 18 yalijengwa kwa kipimo hicho na hakuna aliyeweza kwenda kinyume nacho tangu hapo. Sasa hesabu mwenyewe: ubavu wa mita 17 umesimama juu ya maji, chini hakuna cha kuushikilia, na injini yenye uzito iko tezi. Upepo ukipiga, omo ndiyo inayoondoka kwanza, na mshika kana aliye nyuma anabaki kuitazama.

Tena upepo mkuu wa nchi ile hutoka kusini-magharibi, yaani huko huko ulikokuwa ukielekea. Juu ya kilima cha Napton kuna kinu cha upepo kinachoonekana kutoka mbali ukiwa mferejini. Waliokijenga hawakutafuta pambo.

#3 Mkaazi wa Majini

Kwa heshima ya Mzee Serang'i, mimi naishi ndani ya boti ya aina hiyo London, na kwa kuwa sina gati la kudumu, sheria ya mwaka 1995 inanitaka nisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kuhama ndiyo kazi yangu, basi, na nimeona boti ikigoma namna hiyo siku ambazo hata jani halitikisiki.

Mleta mada ametaja jambo lenye uzito kuliko upepo: aliongeza mafuta. Mfereji una kina cha kutosha katikati tu, na kwenye kona tope hujikusanya upande wa ndani. Maji yanayosukumwa na omo lazima yapite chini na pembeni mwa boti ili yarudi nyuma. Pakiwa na kina kidogo hayapati njia, tezi inanyonywa chini kuelekea kwenye tope, na kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo inavyozidi kuzama na ndivyo usukani unavyozidi kukosa kazi. Dalili zake ni mlio wa injini kuwa mzito, na wimbi la nyuma kugeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kupanda ukingoni. Dawa yake ni kupunguza mafuta, jambo ambalo mtu aliyeshikwa na hofu halifanyi.

#4 Kijana wa Leicester

Mnajadili pepo na matope, na hakuna aliyeuliza mwezi. Ilikuwa Oktoba! Miti ya kando ya mifereji inapukutika, na majani yaliyoloa yanajizungusha kwenye pangaboi hadi likawa donge tu linalozunguka. Usukani wa boti hizi hufanya kazi kwa nguvu ya maji yanayorushwa na pangaboi. Pangaboi likishikwa, usukani nao umekwisha. Watu wazoefu hutia rivasi kwa nguvu kidogo, majani yanatawanyika, kisha wanaendelea.

Kama rivasi haikusaidia, unazima injini, unachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwako mwenyewe, kisha unafungua kile kifuniko kilicho juu ya pangaboi na kuingiza mkono kwenye maji baridi hadi begani. Hapa kwetu, mahali ambapo mfereji umeungana na mto Soar na kupita katikati ya mji, nimetoa waya, kipande cha zulia na nguo iliyojisokota hadi ikabidi nitumie msumeno. Kifuniko kile kirudishwe na kukazwa vizuri, kwa sababu kikiachwa wazi pangaboi hurusha maji ndani na boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa kamba palepale.

#5 Msomaji Kimya

Naona kila mtu anamtetea mleta mada. Shemeji hana wakili?

#6 MwanaPangani

Ahsanteni. Nijibu kwa pamoja. Rivasi niliitia baada ya kukwama, si kabla, na kifuniko hatukukifungua. Rangi ya maji sikuitazama, kwa kuwa macho yalikuwa kwenye matete. Usiku tulilala chini ya malango ya Napton, tukajaza maji ya matumizi kwenye bomba la hapo, na mvua ilinyesha mfululizo hadi karibu na alfajiri. Asubuhi upepo ulikuwa umelala kabisa.

#7 Fundi Dizeli

Mleta mada ameyapita maelezo muhimu kuliko yote bila kujua. Alijaza maji! Katika boti nyingi za namna hii tangi la maji ya kunywa na kuogea liko omo, na hubeba mamia ya lita. Likijaa, omo inakaa chini na kushika maji. Likikaribia kwisha, omo inanyanyuka na kila upepo unaipata. Watu wanne wameoga na kupika tangu Braunston, tangi limeshuka, omo imepanda. Kesho yake tangi limejaa na boti imekuwa na adabu. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Wasafirishaji wa zamani waliyajua haya vizuri. Boti yenye injini ikiwa imebeba tani 25 hivi za makaa ya mawe haikujali upepo, lakini ikirudi tupu ilikuwa adhabu kuiendesha. Boti za leo zimewekewa zege au matofali chini ya sakafu ili zikae sawa, ila uzito huo hauwezi kufidia tangi tupu.

#8 Bi Mkunguni

Salaam kutoka Coventry. Fundi, tangi la omo nakubaliana nalo, lakini watu wanne hawamalizi tangi kwa siku moja labda wawe wanaoga kila saa.

Mimi huenda kwenye malango kama mtu wa kujitolea kusaidia wapitaji, kwa hiyo nitazame jambo hili kwa jicho la maji yenyewe. Kipande cha Braunston hadi Napton kiko usawa mmoja. Kinapokea maji kutoka malango 6 ya Braunston na malango 9 ya Napton, kwa kuwa yote hayo yanapanda kutoka hapo. Kinapoteza maji kupitia malango ya Calcutt upande wa Birmingham na ya Hillmorton upande wa Rugby, kwa kuwa hayo yanashuka. Lango jembamba hutumia takriban lita 100,000 kila linapotolewa maji. Ya Calcutt yalijengwa upya kwa upana katika miaka ya 1930, na hutumia karibu mara mbili ya hapo. Siku ya pilika nyingi, ifikapo alasiri kina kinakuwa kimepungua sentimita kadhaa. Usiku hakuna anayepita, maji yanajirudia taratibu. Sentimita hizo chache ndizo tofauti ya kupita na kupwelewa. Kwa hiyo Mkaazi wa Majini yuko sahihi kuhusu kina, na mvua ya usiku ikaongezea.

#9 Serang'i Mstaafu

Bi Mkunguni, hesabu yako ya malango naikubali, lakini mvua ya usiku mmoja haiwezi kuujaza mfereji upendavyo. Kila kipande kina mahali pa kumwagia maji ya ziada. Yakifika kimo hicho yanatoka na kwenda zake mtoni. Mfereji ulibuniwa usijali mvua. Ndiyo maana nasema adui wa mfereji ni upepo, na mvua ni ya kumlowesha mshika kana tu, ambaye hana paa juu yake.

#10 Bi Mkunguni

Mzee wangu, haujali mvua pale tu unapokuwa mfereji peke yake, haujaungana na mto. Mleta mada angeendelea kusini kupita Banbury, angekuta mahali ambapo njia inaungana na mto Cherwell, kwanza Aynho kisha karibu na Shipton. Mvua kubwa ikinyesha, mto unafurika na hapo hupiti, hata kama jua limetoka tangu jana. Kwenye mito mingine kuna mbao za rangi malangoni: kijani uende, njano ujihadhari, nyekundu ufunge kamba ungoje.

Lango la Aynho lenyewe mtu akiliona mara ya kwanza hudhani fundi alikosea ramani. Limetanuka katikati mithili ya almasi, ilhali linakushusha sentimita 30 hivi tu. Sababu ni kwamba lango linalofuata, la Somerton, lina kina cha zaidi ya mita 3 na nusu na linakunywa maji mengi kila mara. Lango la Aynho lingekuwa la kawaida, lingepitisha maji kiduchu na kipande kilichobaki kingekauka. Walilipanua ili kila boti inayopita iteremshe maji ya kutosha.

#11 Kijana wa Leicester

Na tukitaja mvua tusiusahau mji wa Whaley Bridge. Agosti 2019 mvua kubwa iliharibu njia ya kumwagia maji ya bwawa la Toddbrook, ambalo hulisha mfereji wa Peak Forest, na watu wapatao 1,500 wakahamishwa majumbani mwao wakati helikopta za jeshi zikimwaga magunia ya kokoto ukutani. Mvua hiyo haikumlowesha mshika kana pekee, Mzee Serang'i.

#12 Msomaji Kimya

Nilisoma mahali kwamba barafu ndiyo iliyoua usafirishaji wote wa mizigo kwenye mifereji hiyo. Majira ya baridi ya mwaka 1962 na 1963 maji yaligeuka jiwe, boti zikakwama hadi mwezi wa tatu, wateja wakahamia malori, na biashara ikaishia hapo.

#13 Fundi Dizeli

Si yote. Ni kweli kwamba mwaka 1963 shirika la serikali liliachana na sehemu kubwa ya boti zake, lakini watu binafsi waliendelea. Makaa ya mawe yalisafirishwa kutoka Atherstone hadi kiwanda cha jamu cha Southall, magharibi mwa London, mpaka mwaka 1970. Zaidi ya hayo, barafu ilimaliza mgonjwa aliyekuwa hoi tayari, kwa sababu reli na barabara zilianza kula biashara hiyo zamani.

#14 Msomaji Kimya

Kiwanda kimoja cha jamu si biashara, Fundi. Nimesikia.

#15 Mkaazi wa Majini

Barafu, mvua, upepo, yote sawa, lakini kinachofunga njia siku hizi mara nyingi ni kiangazi. Mwaka 2025 sehemu kubwa ya mfereji wa Leeds na Liverpool ilifungwa kwa boti kwa sababu mabwawa yake yalikuwa yamepungua mno, na mifereji mingine ya kaskazini ikakumbwa vilevile. Mtu anakodi boti akiogopa mvua, kumbe angeiombea inyeshe. Julai 2022 joto lilipofika nyuzi 40 na ushei huko Lincolnshire, niliishi kwenye kivuli cha daraja, kwa kuwa chuma kile mchana hakigusiki.

Kuna jambo jingine sijaona likitajwa. Pembeni mwa malango mengi kuna mkondo unaorudisha maji ya ziada chini ya lango, nao hukupiga ubavuni ghafla pale unapolenga kuingia. Kwenye mfereji wa Llangollen mikondo hiyo ni mikali, kwa kuwa mfereji huo hubeba maji ya mto Dee hadi bwawa la Hurleston kwa ajili ya kunywa. Boti inasukumwa pembeni na mtu anaapa kwamba ni upepo.

#16 Serang'i Mstaafu

Mkaazi, mleta mada amesema wazi kwamba kipande chake hakina lango hata moja. Mkondo huo unatoka wapi? Tusilete maji ya Llangollen kwenye kesi ya Braunston.

#17 Bi Mkunguni

Kwa vile safari ni mwezi wa nne, mleta mada aelewe kwamba hali ya hewa haitakuwa shwari kuliko Oktoba. Manyunyu na jua vitapokezana siku nzima, na asubuhi unaweza kukuta umande ulioganda juu ya paa, mahali unapopita kwa miguu ukiwa umeshika kamba. Vaa viatu vinavyong'ata. Mwavuli uache nyumbani. Ukiwa tezi unaziba macho, upepo unaugeuza, na madaraja yenyewe ni ya chini. Jiko la makaa likiwaka ndani, hakikisha king'ora cha hewa ya sumu kinafanya kazi na matundu ya hewa hayajazibwa na mtu anayesikia baridi.

Kuhusu kona, ipite kwa upande wa nje, ambako kuna kina, na usiikate ndani kama gari. Upepo ukiwa mkali, funga kamba na upike chai. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, kwa hiyo saa mbili ukiwa umesimama hazikupotezei safari ya maana.

#18 Shemeji Mkubwa

Salaam kwenu wote. Nimetumiwa uzi huu na dada yangu, nikaona nijisajili ili shauri lisiamuliwe mlalamikaji akiwa peke yake barazani.

Msiloambiwa ni kwamba kwenye kona ile tulikutana na boti ndefu, inayokaribia mita 21, ikija kutoka Napton. Desturi ni kupishana kila mmoja akishika kulia. Ndugu yetu akaingiwa na wasiwasi, akaondoa gia kabisa. Kijana wa Leicester amekwisha kueleza kwamba usukani bila maji ya pangaboi haufanyi kazi. Boti ikaenda kulia ilikokuwa imeelekezwa, na hayo mafuta anayojisifia kuyaongeza aliyaongeza tulipokuwa tayari tumeshagusa matete.

#19 Mkaazi wa Majini

Taarifa hii inabadilisha mambo, ila si kwa namna anayotaka shemeji. Boti ya mita 21 inapopita kwenye mfereji mwembamba huvuta maji kuelekea kwake, kina cha pembeni kinashuka kwa sekunde chache, na iliyo ndogo inanyonywa kwanza kuelekea ile kubwa kisha inaachwa juu ya tope. Nadharia yangu ya kina imepata nguvu.

#20 Fundi Dizeli

Na omo iliyo nyepesi ndiyo inayovutwa kirahisi zaidi. Tangi bado liko kwenye kesi.

#21 MwanaPangani

Shemeji, boti ile ndefu tulipishana nayo kabla ya daraja, si kwenye kona. Hapo darajani ndipo nilipoondoa gia, na niliirudisha mara tu tulipotoka chini yake. Isitoshe, asubuhi tuliporudi tulikuwa tunatoka upande wa pili, kwa hiyo kona ile ile ilikuwa inapinda kulia na sisi tulikuwa karibu na ukingo mwingine. Nashangaa hakuna aliyeliuliza hilo. Mke wangu alipiga picha tulipokuwa kwenye matete, na ina saa yake.

#22 Bi Mkunguni

Ukingo mwingine! Basi mlipita juu ya kina tofauti kabisa, na ulinganisho wote wa jana na kesho yake hauna mguu wa kusimamia.

#23 Serang'i Mstaafu

Hauna mguu kwa wanaotetea kina. Mleta mada, jiko la makaa lilikuwa linawaka? Kama linawaka, iweke hiyo picha hapa tuone moshi wa bomba umelalia upande gani.

#24 Mkaazi wa Majini

Na usiikate upande wa chini. Nataka kuona rangi ya maji.